Sindano Zisubiri Hotuba

Hotuba ya Mkurugenzi wa Idara ya Ustawi wa Hisia za Watoto, iliyotolewa mbele ya akina mama, watoto na wafanyakazi katika chumba cha kusubiria cha kliniki ya watoto, kuanzia saa tano na dakika arobaini asubuhi. Yaliyosemwa na kutendwa na waliohudhuria yamewekwa kwenye mabano.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa hafla hii, ambaye kwa kuwa amepata udhuru nafasi yake naishikilia mimi; Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa mujibu wa ratiba ni mimi; waheshimiwa wajumbe wa Kamati Elekezi, Kamati Tendaji na Kamati ya Kuratibu Kamati, ambao wametuma salamu na kuagiza viti vyao viachwe wazi; muuguzi mkuu wa kliniki hii; karani wa mapokezi; mlinzi wa lango; akina mama wapendwa; akina bibi waheshimiwa; baba mmoja ninayemwona kule nyuma karibu na mizani; na ninyi watoto wa chini ya miaka mitano, ambao ndio stekiholda wakuu wa siku ya leo ingawa wengi wenu mmenipa mgongo: itifaki imezingatiwa.

(Makofi machache. Mtoto mmoja anaendelea kupiga makofi peke yake mpaka mama yake anamshika mikono.)

Kabla sijaingia katika kiini cha maneno yangu, naomba niwatoe shaka wale wanaouliza kwa nini zoezi la chanjo lililoanza saa mbili asubuhi lilisimama ghafla mara tu afisa wangu wa itifaki alipowasili na kufunga utepe mwekundu kwenye mlango wa chumba cha sindano. Jibu ni jepesi na lina heshima yake. Haiwezekani, katika siku ambayo Idara inazindua Mpango Jumuishi wa Kukabili Hofu ya Sindano, ambao kwa ufupi unaitwa MJUKUHOSI, watoto wakaendelea kuchomwa kiholela, kwa hofu ya zamani isiyoratibiwa, ilhali hofu mpya, iliyopunguzwa kitaalamu, iko njiani. Wale watoto watatu waliochomwa kabla ya utepe kufungwa nawapa pole. Tumewahesabu katika takwimu za mwaka uliopita.

(Fundi cherehani mmoja, aliyeketi benchi la mbele na binti yake anayekaribia miaka mitatu: "Sasa sisi tunachomwa saa ngapi?" Karani wa mapokezi: "Akimaliza." Fundi cherehani: "Anamaliza saa ngapi?" Karani: "Mama, hata mimi nina chai yangu inapoa huko ndani.")

Nasikia minong'ono ya hamasa, na naipokea. Ndugu zangu, Idara yangu haikurupuki. Katika asesimenti ya awali tuliwahoji watoto mia moja wenye umri wa kati ya miezi tisa na miaka mitatu, kwa kutumia dodoso lenye maswali arobaini na manane, ambapo kila mtoto alitakiwa kuweka alama ya vema kwenye kisanduku kinachohusika. Asilimia sitini na moja hawakuwa na maoni. Asilimia ishirini na mbili walilia. Asilimia kumi na sita walikula dodoso. Mtoto mmoja aliyebaki, ambaye ni sawa na asilimia moja, alisema "mama", na jibu hilo, baada ya kuchambuliwa katika wekshopu ya siku tano, limeingizwa katika kiambatisho namba saba pamoja na picha ya wajumbe wakilichambua.

(Kicheko. Mkurugenzi anakisubiri kiishe, kisha anasogeza kipaza sauti karibu zaidi na mdomo.)

Na utafiti huo, ambao niliuongoza mimi, nikauhariri mimi na nikautunukia cheti mimi, ulibaini jambo zito ambalo nataka kila mmoja wenu aondoke nalo. Chanzo kikuu cha hofu ya sindano si sindano. Ni sisi, wazazi na walezi! Mtoto akikataa kula, akichezea maji, akigoma kulala, huwa tunamwambia nini?

(Akina mama kwa pamoja, wakicheka: "Utachomwa sindano!")

Naam! Tumeichukua tiba tukaigeuza fimbo. Miaka miwili mizima tunamtisha nayo asubuhi, mchana na jioni, halafu siku moja tunamvisha nguo ya kutokea, tunamleta hapa, tunamwambia usiogope, na tunashangaa anapopanda dirishani. Atatuamini vipi? Mtoto ana hesabu zake: sindano ni adhabu, mimi leo nimekosa nini? Kwa hiyo natamka, na waandishi wa habari waandike kama wangekuwepo, kwamba kuanzia leo mtu yeyote, awe mzazi, mlezi, jirani au mtumishi wa umma wa ngazi yoyote ile, atakayemtisha mtoto kwa sindano, huyo ni adui wa afya na adui wa maendeleo, na jina lake litabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kliniki hii kwa muda wa siku thelathini. Naomba tunyooshe mikono juu tuape.

(Mikono inanyooka, mingine ikiwa na watoto. Bibi mmoja aliyeketi karibu na mlango hanyooshi. "Mwanangu, mimi nimelea tisa kwa kuwatisha na hiyo hiyo. Nikiapa leo, huyu wa kumi nitamnyamazisha na nini?" Kicheko kirefu.)

Bibi, swali lako ni la msingi na litajibiwa katika awamu ya tatu. Maana MJUKUHOSI una awamu tano, na rodimapu yake mnaiona kwenye mchoro huu uliosimamishwa hapa kulia kwangu. Kiini chake ni Chumba cha Utulivu. Chumba hicho kina rangi tisa zilizochaguliwa kisayansi. Kina zulia la kutambaa. Kina rafu ya wanasesere ambao mikono yao imeimarishwa ili mtoto awachome kwanza wao, ajue nani anafanya nini na kwa nini. Kina kiti cha kumpakatia, chenye mikono pande zote mbili, kilichosanifiwa ili mama amkumbatie mtoto badala ya watu watatu kumkandamiza kama kuku anayechinjwa. Kina mtaalamu wa saikolojia. Kina msaidizi wa mtaalamu wa saikolojia. Na kina mashine ya kidijitali ya kupima kilio kwa vipimo vinavyokubalika kimataifa. Hadi ninavyozungumza, ndugu zangu, watoto elfu nne mia mbili na kumi na sita wamekwisha kunufaika.

(Baba aliye karibu na mizani: "Wa wapi hao?" Mkurugenzi hasikii, au anasikia.)

Nimeletewa kikaratasi hapa na muuguzi mkuu. Kinasema, nanukuu: "Chupa ya chanjo ya surua ilichanganywa saa mbili. Ikifika saa nane kamili namwaga, ndiyo sheria yake. Zimebaki dozi saba. Nyingine zinakuja mwezi ujao." Mwisho wa kunukuu. Naomba kwa heshima na taadhima tumpigie makofi muuguzi wetu kwa kutunza kumbukumbu kwa kiwango hiki cha juu.

(Makofi. Muuguzi mkuu, akiwa amesimama kando ya mlango wenye utepe: "Mheshimiwa, sikuandika ili nipigiwe makofi. Chupa haisikilizi hotuba." Fundi cherehani: "Nesi, na huyu wangu je? Nyumba ya jirani watoto wawili wana surua tangu Jumamosi. Uani kwetu ni pamoja, ndoo ni hizo hizo, wanacheza pamoja." Muuguzi mkuu: "Ndiyo maana nimeandika, mama.")

Nashukuru kwa mchango huo kutoka kwa jamii. Na kwa kuwa umetajwa, niseme kwamba mtoto wa mama huyu si mgeni katika meza yangu. Faili lake nililisoma jana kama mfano wa kesi ngumu. Nyumbani anaitwa Chiriku kwa sababu ya kuongea kwake. Alipoletwa mara ya kwanza kupata dozi hii alijificha chini ya benchi mpaka kliniki ikafungwa. Alipoletwa mara ya pili alimng'ata muuguzi mkononi, jambo ambalo kwa lugha ya kitaalamu tunaliita fidibaki. Leo ni mara ya tatu. Mtoto wa aina hiyo, bila mpango, hachanjiki; ndani ya mpango, anaingia mwenyewe akiimba.

(Fundi cherehani: "Hajaimba, lakini leo ametulia. Tumekaa na nesi tangu asubuhi." Chiriku ameketi sakafuni. Ana mwanasesere aliyeshonwa kwa vipande vya vitambaa na bomba la sindano lisilo na sindano, alilopewa na muuguzi mkuu. Anamchoma mwanasesere begani, anamfuta kwa kipande cha pamba, anamwambia: "Pole, imeisha." Kisha anamchoma mlinzi wa lango kwenye kiatu. Mlinzi: "Aa, daktari, taratibu!")

Hapo sasa. Hapo naomba nisimame kidogo, maana naona kitu ambacho kama kiongozi siwezi kukifumbia macho. Mtoto huyu, mbele ya macho yangu, anatekeleza shughuli ya mwanasesere. Ndugu zangu, shughuli ya mwanasesere iko kwenye moduli ya nne! Nani ameidhinisha moduli ya nne kabla ya moduli ya kwanza, ambayo ni kutambulisha nembo? Mwanasesere huyo ameimarishwa mikono? Amesajiliwa? Tukiruhusu kila kliniki ianze kuwatuliza watoto kwa namna inavyojua, kesho tutakuwa na utulivu wa aina nyingi usiolinganishika, na takwimu zitatoka wapi? Afisa wa itifaki, tafadhali lipokee hilo bomba, lihifadhiwe mpaka mwongozo utakapochapishwa.

(Afisa wa itifaki anainama na kulichukua bomba. Chiriku: "Langu! Nipe!" Afisa: "Utarudishiwa, mtoto mzuri." Chiriku: "Sasa hivi!" Muuguzi mkuu: "Kaka, mrudishie. Saa tatu nzima nimezitumia kumfikisha hapo." Afisa anamtazama mkurugenzi. Chiriku anaanza kulia, kwanza taratibu, kisha kwa sauti inayogonga dari.)

Tuendelee. Awamu ya pili ya mpango, ambayo ni ya kujenga uwezo wa wajenga uwezo, itahusisha... Naomba utulivu. Itahusisha semina elekezi za... Mama, mtulize mtoto. Semina elekezi za ngazi ya... Jamani, hivi naongea au naimba? Wewe mtoto! Nyamaza! Ukiendelea kulia nitamwambia nesi akuchome sindano, sindano kubwa!

(Chiriku anakikata kilio katikati. Kisha bibi aliye karibu na mlango anaanza kucheka, anashika mbavu, anampiga bega jirani yake. "Adui wa maendeleo huyo, jamani! Karani, bandika jina!" Karani wa mapokezi, akichukua kalamu: "Niandike jina au cheo?" Bibi: "Andika vyote, nafasi ipo." Hapo watoto, ambao wameelewa neno moja tu katika hotuba nzima, wanaanza kulia wote: aliye kwenye mizani, walio mapajani, waliokuwa wamelala.)

Naomba nieleweke! Tamko nililolitoa sasa hivi lilikuwa la kielelezo. Lilikuwa mfano wa lile ambalo halipaswi kutamkwa, nililolitamka ili lionekane jinsi lisivyopaswa kutamkwa, na kama mlivyoona, limefanikiwa kwa asilimia mia moja. Karani, weka kalamu chini.

(Karani haweki kalamu chini. Chiriku amepanda juu ya benchi, ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili, mwanasesere ameanguka. "Sitaki! Sitaki sindano! Nimenyamaza! Mama, nimenyamaza!" Na kweli amenyamaza, ameuma mdomo, mabega yanatikisika. Fundi cherehani amesimama chini yake, anamshika miguu, machozi yanamtoka yeye. "Asubuhi alikuwa amekubali. Alikuwa amekubali, mheshimiwa. Na surua iko mlangoni kwangu. Nikirudi naye hivi hivi leo, mwezi ujao nitamleta nani?" Mlinzi wa lango anaangalia saa ya ukutani: "Saa saba na robo.")

Mama, serikali ya hisia, yaani Idara yangu, inasikia uchungu wako, na mimi binafsi nimeguswa. Lakini nakusihi usikate tamaa katikati ya awamu ya pili. Ufumbuzi wa kitaalamu wa hali kama hii upo, uko ukurasa wa themanini na tatu, na nitaufikia mara baada ya historia fupi ya chimbuko la nembo yetu, ambayo kamati iliijadili kwa miezi kumi na minne. Muuguzi mkuu, unakwenda wapi? Muuguzi mkuu, huo ni utepe wa...

(Muuguzi mkuu ameinama, amepita chini ya utepe, ametoka na kasha la baridi begani na trei mkononi. Anapita mbele ya mkurugenzi. Anakivuta kiti cha mgeni rasmi, kiti pekee chenye mikono katika jengo zima, mpaka chini ya dirisha.)

Hicho ni kiti changu.

(Muuguzi mkuu: "Umesimama, mheshimiwa." Bibi: "Na ataendelea kusimama, maneno bado yapo.")

Basi ijulikane kwamba kiti kimetolewa na Idara kama mchango. Nitaendelea kuzungumza nikiwa wima.

(Muuguzi mkuu anachuchumaa kando ya benchi. Anaokota mwanasesere, anamkung'uta vumbi, hampi mtu. "Chiriku." "Sitaki!" "Najua hutaki. Huyu ulipomchoma, alilia?" "Alilia." "Ukamwambia nini?" "Pole." "Ulimwambia haiumi?" Chiriku anatikisa kichwa. "Hukumdanganya, na mimi sikudanganyi. Inauma. Kidogo." "Kama nini?" "Kama kidole kikibanwa na kibanio cha nguo." Chiriku anafikiri, vibanio anavijua. "Halafu?" "Halafu kinaachia." "Yule babu kasema nikilia nachomwa." "Yule babu hajui. Hapa hakuna anayechomwa kwa sababu amelia. Hujakosa kitu. Kuna ugonjwa uko kwa jirani, sindano inaufungia mlango. Ukitaka kulia, lia. Ruhusa." Chiriku: "Ruhusa?" "Ruhusa kabisa.")

Kwa kumbukumbu, ruhusa ya kulia hutolewa na Idara kwa maandishi...

(Chiriku anaachia nondo moja, anamnyooshea mkurugenzi kidole. "Mama anishike. Na yule anyamaze.")

Samahani?

(Muuguzi mkuu, bila kugeuka: "Mgonjwa wangu ana masharti mawili, mheshimiwa. La kwanza ni mama yake. La pili ni wewe." Fundi cherehani: "Nakuomba, baba yangu. Dakika moja tu. Nakuomba." Karani wa mapokezi: "Hata chanjo yenyewe imebakiwa na nusu saa na ushei.")

Ndugu zangu, katika miaka ishirini na sita ya utumishi sijawahi kukatishwa na mtu wa urefu huu. Kanuni haziko wazi kuhusu suala hili. Hata hivyo, kwa mamlaka niliyonayo kama Mgeni Rasmi, na baada ya kushauriana na Mwenyekiti, ambaye ni mimi, na ambaye hana pingamizi, naahirisha hotuba kwa dakika moja, nikisisitiza kwamba ukimya utakaofuata ni ukimya rasmi, wa kimkakati, unaotolewa kwa hiari, na usitafsiriwe kama...

(Muuguzi mkuu: "Mheshimiwa.")

(Kimya. Fundi cherehani ameketi kwenye kiti cha mgeni rasmi, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga sakafu sawasawa. Chiriku yuko mapajani, kifua kwa kifua. Mkono mmoja umepita kwapani mwa mama, mwingine umewekwa wazi, na mama ameushikilia kwa kiganja, hakuukaza. Mwanasesere yupo begani kwa mama. "Mpulizie huyu," anasema muuguzi mkuu, "anasikia joto." Chiriku anapuliza. "Tena, mpaka nywele zake zicheze." Sindano inaingia katika pumzi ya tatu. Chiriku anakaa kidogo kama anayeuliza ni nini hicho, kisha analia. Analia kwa sauti yake yote, mdomo wazi, kama mtu aliyepewa ruhusa, na hakuna anayemwambia nyamaza. Mama anamtikisa pole pole na kumnong'oneza sikioni. Bibi anahesabu chini chini, anafika kumi na moja. Kilio kinakatika. "Imeisha?" "Imeisha." "Imeachia?" "Imeachia, mwanangu." Chiriku anautazama mkono wake, anautazama tena, anapangusa pua kwa nywele za mwanasesere. Kisha anageuka kumtazama mkurugenzi. "Haya. Sasa ongea.")

Ahsante. Ahsante sana.

(Vigelegele. Makofi ya kweli, ya kwanza tangu asubuhi. Fundi cherehani hapigi makofi; ameufunika uso kwa kadi ya kliniki ya mtoto. Mkurugenzi anainama kuyapokea makofi. Akina mama sita wanajipanga nyuma ya kiti.)

Mmejionea wenyewe! Mimi nilikuwa mstari wa mbele, mkashuhudia. Kwa takwimu za papo hapo, idadi ya watoto waliochomwa ndani ya MJUKUHOSI ni mmoja. Idadi ya waliofaulu kutulia ni mmoja. Hiyo ni asilimia mia moja, kiwango ambacho hakijafikiwa na pailoti, yaani jaribio, yoyote ile kwa sababu hakuna pailoti yoyote iliyofanyika. Na nadhani si majivuno nikisema kwamba kipengele kilicholeta mafanikio hayo, kilichokosekana katika jitihada zote zilizotangulia, ni kunyamaza kwangu. Naagiza kipengele hicho kiingizwe kwenye mwongozo. Kitafanyiwa semina. Nitazungumza kwa siku tatu kuhusu namna kinavyotekelezwa.

(Baba aliye karibu na mizani: "Mheshimiwa, samahani. Hicho Chumba cha Utulivu kwenye mchoro kiko upande gani wa jengo? Maana huku nyuma nimezunguka, kuna ukuta, halafu choo.")

Swali zuri, na nitalijibu ndani ya shukrani, kwani ndipo lilipopangiwa. Lakini kwanza tuamshe ari. Nikisema MJUKUHOSI, ninyi mnasema: mtoto bila hofu! MJUKUHOSI!

(Bibi peke yake: "Mkurugenzi bila kiti!" Kicheko. Kwenye kiti, mtoto wa pili analia, anahesabiwa mpaka tisa, ananyamaza.)

Mama bila wasiwasi!

(Mama wa mtoto wa pili: "Wasiwasi upo, ila tumechanja!")

Idara daima mbele!

(Muuguzi mkuu: "Isogee kidogo, inanizibia mwanga.")

Ahsanteni. Sasa shukrani. Namshukuru mchoraji wa mchoro huu, aliyeuchora kwa moyo ingawa hakuonyeshwa eneo, kwa kuwa halikuwepo. Namshukuru mtaalamu wa saikolojia, popote alipo, kwani nafasi yake haijatangazwa. Nawashukuru wale watoto elfu nne mia mbili na kumi na sita walionufaika, ambao tunaendelea kuwatafuta. Naishukuru kwa namna ya pekee Kamati, ambayo wakati bado ikijadili kama neno sahihi ni "hofu" au "wasiwasi" ilipata barua, mwaka juzi, ya kuuondoa mpango mzima kwenye ajenda kabla haujaanza; nao ukaondolewa, kwa utulivu mkubwa, ukiwa ndio utulivu pekee uliopatikana chini yake. Na namshukuru mwanasheria wa Idara, ambaye mwezi uliopita, tulipotaka kulifunga faili, alituonyesha kanuni inayosema kwamba jambo ambalo halijazinduliwa haliwezi kufungwa. Ndiyo sababu ya safari yangu, ya utepe, na ya subira yenu, ambayo nimeifurahia. Basi, kwa mamlaka niliyopewa, natangaza kwamba Mpango Jumuishi wa Kukabili Hofu ya Sindano, leo, saa saba na dakika arobaini na tisa, umezinduliwa rasmi.

(Makofi, kwa mazoea. Mtoto wa tatu anashuka kitini.)

Na natangaza kwamba umefungwa. Ahsanteni kwa kunisikiliza.

(Muuguzi mkuu: "Haya, anayefuata. Dozi nne, dakika kumi na moja.")